Mlio wa Gurudumu la Nyuma

Nianze kwa kukiri, maana jambo hili usipolisikia kwangu utalisikia kwa watu wa Ujiji, nao huongeza chumvi. Wiki ya kwanza tu ya kurudi kwenye nyumba ya marehemu Bibi, mimi mtu mzima mwenye nywele za kupaka rangi, nilimwaga barabarani madumu mawili ya mawese ya jirani. Sikuyagusa hata kwa kidole. Niliyamwaga kwa spana.

Ilikuwa hivi. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye ameuza mawese tangu alipoletwa pale akiwa bibi harusi, alikuwa analalamika kwamba mnyororo wa baiskeli yake ya mzigo unachomoka kila ikipita kwenye shimo. Nikamwambia aniachie mimi. Mnyororo kulegea ni ugonjwa mwepesi: unalegeza nati mbili za gurudumu la nyuma, unalivuta gurudumu nyuma kidogo, unakaza. Hicho "kidogo" ndicho kinachonishinda tangu utotoni. Nilivuta mpaka mnyororo ukanyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Mwanawe akapanda, akakanyaga mara tano, mnyororo ukakatika, mguu ukakanyaga hewa, na yeye na madumu yake wakalala chini pamoja. Kijana aliamka na mchubuko wa goti. Mawese hayakuamka. Kuku wa mtaa mzima walishinda siku ile na miguu kama iliyotiwa hina.

Jirani alitoka nje. Alitazama barabara, akanitazama mimi, akaingia ndani. Na mimi nilipokuwa nachota mchanga kufukia yale mafuta, nikakumbuka baiskeli nyingine, iliyonitesa miaka na miaka kwa sababu ya kinyume chake. Ile niliitengeneza vizuri mno.

Mimi, kama unavyonijua, ni mtu wa nyumbani. Hata utotoni, wenzangu walipokwenda ziwani kuogelea na kurudi macho mekundu, mimi nilikuwa kizingitini kwa Bibi, nimekunja miguu, nachambua dagaa. Si kwamba nilikuwa na tabia njema. Ng'ambo ya njia, mkabala na mlango wetu, kulikuwa na kibanda cha bati cha fundi baiskeli, na kutoka kizingitini niliiona mikono yake kama iko mapajani mwangu. Macho yangu yalikuwa kwa fundi na vidole kwenye dagaa, ndiyo maana Bibi alikuwa akisema dagaa wangu wana mchanga kuliko ufuko wenyewe.

Nilijifunza kila kitu bila kuondoka mahali nilipokaa. Niliona jinsi tyubu inavyozamishwa kwenye karai la maji, ikikamuliwa taratibu kama utumbo wa mbuzi, mpaka mapovu yatoke na kuonyesha tundu. Yasipotoka mapovu, na tairi bado linapungua kila asubuhi, fundi alipaka mate kwenye valvu, na mara nyingi mwizi alikuwa pale. Ringi iliyopinda aliizungusha huku ameshika kipande cha chaki karibu nayo bila kutikisika. Palipoguswa na chaki ndipo palipopinda, naye alilegeza spoku za upande ule na kukaza za upande wa pili, nusu mzunguko tu, si zaidi. Pedali ikigonga mguu kila ikishuka, alitazama kwanza ile pini inayoubana mkono wa pedali. Wateja walimletea habari ndefu, na yeye aliwaachia waseme mpaka wachoke, kisha akainua gurudumu, akalizungusha, akainamisha sikio. Alikuwa na msemo wake kwamba baiskeli husema ikiumwa, ila haisemi inaumwa wapi.

Kitu kimoja tu sikujifunza, nacho ni kuiendesha. Mpaka leo. Naijua baiskeli kama mpishi wa futari aliyefunga anavyokijua chungu chake: mikono imeshakizoea, ulimi haujakionja.

Halafu ikaja ile miaka ya wakimbizi, na Ujiji ikawa mji uliosimama kwa mguu mmoja. Boti zilishuka kutoka kaskazini zimejaa watu waliokalia magodoro yao. Darasani tulikuwa watatu kwenye dawati, tukawa watano, na mwalimu akawa anaita majina asiyoweza kuyatamka, akiishia kunyoosha kidole. Foleni ya bombani ilianza kabla ya adhana ya alfajiri. Kila mlango ulikuwa na redio, na kila redio ilikuwa na mtu aliyeikunjia uso. Watu wazima walianza sentensi, wakasimama kutazama njia, wakasahau walichokuwa wanasema. Bibi aliweka chungu cha maharage jikoni na kukisahau mara mbili kwa siku moja, yeye ambaye hakuwahi kuunguza hata uji. Hata mimi mpenda kukaa nilishindwa kukaa. Nilikuwa nachambua dagaa nimesimama.

Katika siku hizo Bibi alimpokea mama mmoja wa Burundi, akampa chumba cha uani tulichokuwa tunawekea muhogo mkavu. Sisi tulimwita Mama Mgeni. Bibi alisema Kiha, yeye alisema Kirundi, wakaelewana kama watu waliochota kisima kimoja. Alikuja na mtoto mchanga mgongoni, binti wa kama miaka mitano mkononi, furushi moja, na baiskeli nyeusi ya kiume. Mumewe ndiye aliyewapakia kwenye boti, wao na baiskeli, kisha akarudi kumfuata mama yake mzee, akisema atapanda boti itakayofuata. Tangu hapo zilikuwa zimefika boti nyingi zilizofuata.

Baiskeli ile ilikuwa na mlio. Kila gurudumu la nyuma lilipomaliza mzunguko, ndani yake kiligonga kitu: ko. Kisha kimya kidogo. Ko. Mama Mgeni hakuwa akiipanda, alikuwa akiisukuma. Kila asubuhi, akishawanywesha watoto uji, aliisukuma mpaka ufukoni mahali boti zinapotia nanga, akapita nayo katikati ya watu walioshuka, akarudi adhuhuri. Alasiri akaenda tena. Keria ilikuwa tupu wakati wa kwenda na tupu wakati wa kurudi. Leo naona hata kuku angejiuliza kwa nini mtu anasukuma baiskeli tupu kwenda na kurudi ziwani mara mbili kwa siku. Mimi sikujiuliza. Mimi nilisikia gololi iliyopasuka.

Ule mlio ulinikera kama jiwe kwenye wali. Nilikuwa na hakika ya ugonjwa tangu siku ya pili: umo ndani ya habu, kile kiini cha gurudumu kinachoshika spoku zote, mnamozunguka gololi za chuma. Nilipomwambia fundi, alikubali kwamba ni gololi, akaniuliza kama mwenye baiskeli ameomba itengenezwe. Nikaona hilo ni swali la mtu mvivu.

Siku ya mgao wa unga, Bibi na Mama Mgeni walikwenda pamoja kwa miguu. Foleni zile zilikuwa na wezi, kwa hiyo baiskeli ilibaki uani. Nikavuka njia, nikamwambia fundi kwamba Bibi ameniagiza spana mbili, grisi ya kijiti kimoja na gololi chache. Bibi hakuwa ameniagiza hata chumvi. Nikaipindua baiskeli, ikakaa kwa siti na usukani kama mbuzi aliyelazwa, nikachomoa gurudumu, nikafungua nati ya pembeni na kuziacha gololi zidondoke kwenye sinia la Bibi la kupembulia mchele. Tisa upande mmoja, tisa upande wa pili. Nilizisugua kwa mafuta ya taa, na moja ikajionyesha: imepasuka katikati kama njegere kavu. Nikaweka mpya, nikapaka grisi kote, nikakaza kwa vidole mpaka ikagoma, nikairudisha robo mzunguko ili gurudumu lipumue. Hicho "kidogo" kinachonishinda siku zote, siku ile kilinikubali.

Nilipolizungusha gurudumu lilikwenda, likaenda, likaenda, kimya kama mtu anayetembea na soksi. Yule binti mdogo alikuwa amechuchumaa pembeni muda wote, kidole mdomoni. Aliniuliza kama baiskeli imelala.

Waliporudi, Mama Mgeni alitua mzigo, akaichukua baiskeli kwenda nayo ziwani kama kawaida yake. Hatua tatu, akasimama. Akatazama nyuma. Akasukuma tena, akasimama tena. Kisha akainua gurudumu la nyuma kwa mkono mmoja na kulizungusha kwa mkono wa pili, akaweka sikio karibu. Mimi nilikuwa nimekwisha jitokeza, gololi iliyopasuka iko kiganjani, nimeweka uso wa mtu anayesubiri kushukuriwa.

"Sauti iko wapi?" aliniuliza.

Nikamwambia nimeitoa, ndiyo iliyokuwa ugonjwa. Hakunigombeza. Alikaa chini, pale pale mbele ya jiko, miguu kainyoosha, kama mtu anavyokaa msibani. Mtoto mgongoni akaanza kulia, naye hakumtikisa.

Bibi ndiye aliyeniita ndani na kunieleza, kwa sauti ya chini ambayo kwangu ilikuwa mbaya kuliko fimbo. Jina la mumewe Mama Mgeni hakuthubutu kuliita hadharani. Katika umati ule hujui nani amesimama nyuma yako, nani anamtafuta nani, na kwa jambo gani. Walikuwapo waliobadilisha majina yao wakiwa bado ndani ya boti. Kwa hiyo alikuwa haiti. Alikuwa anapita tu na baiskeli ambayo mumewe ameisukuma miaka minane na mikungu ya ndizi, na kama yumo miongoni mwa watu waliolala mchangani wamejifunika mashuka mpaka kichwani, ataisikia na kujua nani kapita. Mimi nilikuwa nimemziba mdomo.

Na siku zilikuwa zimeanza kwisha. Habari ilishatangazwa kwamba wageni wote waliokaa majumbani watapelekwa kambini, upande wa Kasulu, na kwamba malori yatafika mtaani kwetu wiki ile ile. Akishapanda lori, nani atapita ufukoni?

Ndipo nikajifunza jambo ambalo fundi hakuwahi kunionyesha: kuondoa ubovu ni kazi ya saa moja, kuurudisha ni kazi ya mtume. Nilirudisha gololi iliyopasuka mahali pake. Kimya, kwa sababu grisi mpya iliifunika kama godoro. Nikaiosha grisi yote kwa mafuta ya taa, gurudumu likaanza kulia kama paka. Nikalegeza nati, likayumba kushoto na kulia, likasema kwacha-kwacha. Nikatoa gololi moja, likawa linagonga mara mbili kwa kila mzunguko. Kila nilipomaliza jambo, Mama Mgeni alisimama ameutazama ukuta, baiskeli nyuma yake, nami nikasukuma, naye akatikisa kichwa bila kugeuka.

Jioni Bibi alivuka njia mwenyewe. Sijui alimwambia nini fundi. Nilimwona tu amesimama mbele ya kibanda, mikono nyuma, na fundi anavua kofia. Fundi alikuja na boksi lake la vifaa. Alipoelezwa kazi yenyewe alicheka peke yake.

"Miaka ishirini naondoa kelele," alisema. "Leo nimeitwa kuzitia."

Alifungua habu, akatikisa kichwa. Akasema ule mlio ulitoka kwenye gololi mbovu, na shimo lililochimbwa na gololi ile kwenye kikombe chake, na grisi iliyokauka ya Burundi, na miaka minane. Na yeye kwenye boksi lake hana miaka. Basi akaifunga habu vizuri, akaamua kuutafuta mlio nje. Alifunga kipande cha waya kwenye spoku moja, kiwe kinagonga chuma cha madigadi kila gurudumu likizunguka. Kikasema ki. Nyembamba mno. Akakata kipande cha soli ya kandambili, akakiviringisha kwenye waya. Kikasema pu, kama mtu anayepiga mto. Akajaribu ngozi ya kiatu kikuukuu, ngumu, iliyokaushwa na jua. Ko.

Mama Mgeni aligeuka nusu. Lakini yule binti, ambaye alikuwa amesafiri juu ya keria ile tangu hajaota meno, alitikisa kichwa kama mama yake. Akasema kwamba ya baba ilikuwa inangoja kidogo. Fundi hakucheka. Alimwita karibu, akamwomba apige makofi jinsi ya baba ilivyokuwa inagonga. Mtoto akapiga. Fundi akazungusha, akasogeza ngozi chini kidogo kwenye spoku, akaipinda iwe inaukwaruza ule chuma kabla ya kuugonga, akazungusha tena. Ilikuwa karibu magharibi, moshi wa majiko umeshuka uani, na watu wazima watatu pamoja na mimi tulikuwa tumeshikilia pumzi zetu kwa ajili ya kipande cha kiatu.

"Ego," alisema Mama Mgeni. Ndiyo. Hilo halikuhitaji mtu wa kututafsiria.

Siku tatu alipita nayo. Sasa nilikuwa nakwenda naye, mimi nisiyetoka, namshika binti mkono, nimeapa kwamba nitaiangalia ile ngozi isichomoke. Usilolijua kuhusu Ujiji ni kwamba kila mwanaume wa pale ni fundi baiskeli mpaka athibitishwe vinginevyo. Siku ya kwanza walimsimamisha sita. Mama, gurudumu lako linagonga. Shemeji, hebu lete nikuangalizie, ni dakika moja. Mmoja alikwisha piga goti na kushika waya, nikamng'ata mkono. Sijutii. Tulipita kati ya magodoro, sufuria, wazee waliokaa juu ya masanduku, akina mama waliokuwa wanachoma samaki wa mgebuka kwenye moto mdogo wa mawe matatu. Ko. Ko. Vichwa vilichomoza kutoka kwenye mashuka na kutazama. Nilivihesabu vyote, na hakuna aliyeinuka kutufuata. Mama Mgeni hakutazama huku wala huku. Alitazama mbele, kama mtu anayepita tu na safari zake.

Siku ya nne yakaja malori. Baiskeli ilipandishwa juu ya mizigo, matairi angani. Lori lilipoanza kuyumba kwenye mashimo, gurudumu la nyuma lilizunguka lenyewe, na mlio ule ukasikika mpaka kona ya msikiti. Bibi alibaki njiani muda mrefu, ameshika upande wa kanga yake. Mimi nilikwenda kulala mchana.

Mwezi ule ule matokeo ya darasa la saba yakatoka, nikapelekwa Tabora kwenye sekondari ya bweni, na huko nikamaliza miaka minne nikiwa na siri yangu: kwamba kuna mtu aliyelala ufukoni siku moja, labda ile siku moja ya kimya, amejifunika shuka, na mkewe hakupita hatua mbili kutoka kichwani kwake kwa sababu baiskeli haikuwa na cha kusema. Nilikuwa namwona kabisa. Niliporudi likizo, kila Bibi alipoanza kusema "yule mama mgeni wetu," mimi nilichukua ndoo kwenda bombani. Bibi alishangaa nimekuwa mtoto wa kazi. Mwisho akaacha kuanza. Kisha nikaolewa mbali, nikajifungulia mbali, na Bibi akafariki. Na hofu ya kuuliza ikazeeka pamoja nami.

Sasa nimerudi kukarabati bati la nyumba, na mtaa haunijui. Pale palipokuwa na kibanda cha fundi wanachaji simu, na vijana wamepanga pikipiki zao zinazounguruma zote kwa sauti moja. Chumba cha uani kimeanguka ukuta mmoja. Wageni walirudi kwao, wengine wakaja tena, wengine wakarudi tena. Hakuna anayeinama tena kusikiliza gurudumu. Kitu kikigonga kinatupwa, kinanunuliwa kingine. Nilipokaa kizingitini nilikuta njia imeinuliwa kwa kokoto, nami ninapaswa kutazama juu ili nione miguu ya watu. Na bado siwezi kutulia. Nimefagia ua ule mara tatu kwa siku moja, ua usio na mtu wa kuuchafua.

Juzi jirani alipita kunisaidia kukunja mkeka. Nilimtazama mikono yake iliyojaa wekundu wa mawese kwenye mistari, nikaona huyu ndiye mtu wa mwisho mtaani aliyekuwapo siku zile, na nisipouliza leo nitakufa na ndoo mkononi. Nikamweleza yote: gololi, sinia, uongo wa spana, siku ya kimya. Nikamwuliza kama aliwahi kusikia Mama Mgeni alimwona tena mumewe, au ni mimi niliyewatenganisha.

Jirani alimaliza kufunga kamba ya mkeka kwanza.

"Mumewe alikuja siku ya nne baada ya malori, akauliza nyumba kwa nyumba, kwangu ikawa ya kumi, nikampeleka kwa bibi yako akala ugali, tukamwonyesha njia ya kambini, akawakuta wote wazima. Hiyo baiskeli yenu hakuitaja. Watu hutafutana kwa kuuliza, mwenzangu. Wewe mdomo wako umeuweka wa kulia dagaa tu."